Genge la Lavender Hill (1951): maswali mnayoniuliza kila siku kuhusu ile picha ya karani na dhahabu

Kila nikiitaja hii picha maswali ni yaleyale, kwahiyo nimeyaweka pamoja nisije nikaandika jibu moja mara hamsini. Sehemu mbili za kwanza hazina spoila. Kuanzia "Jinsi mchongo ulivyochongwa" namwaga kila kitu mpaka mwisho, kwahiyo kama hujaiona ishia hapo, nenda kaangalie, urudi.

## Mambo ya mwanzo

Kwani ni picha gani hii, inahusu nini?

Jina lake la Kiingereza ni The Lavender Hill Mob, ya Uingereza, ilitoka 1951, nyeusi na nyeupe. Kuna karani mmoja London anaitwa Henry Holland, mpole, mwenye miwani, kazi yake ni kusindikiza dhahabu ndani ya gari kutoka kiwanda cha kusafishia mpaka benki. Kafanya hivyo karibu miaka 20, hajawahi kuchelewa wala kupoteza hata punje. Mabosi wanamuona mtu mwaminifu asiye na akili ya ziada, yaani ule uaminifu wa mtu ambaye hata wazo la kuiba haliwezi kumjia. Kumbe mzee wa watu miaka yote hiyo anapiga mahesabu ya namna ya kuondoka na mzigo wote, wa thamani ya pauni milioni 1.

Basi hapo ndipo utamu ulipo. Hamna jambazi sugu humu, ni watu wa kawaida kabisa ambao ukikutana nao kwenye daladala unawapisha siti.

Ni ile yenye vigari vya Mini Cooper?

Hapana jamani. Hiyo ni The Italian Job ya 1969, dhahabu inaibiwa Turin huko Italia, na ndiyo iliyorudiwa 2003. Na ile ya wanajeshi wa Marekani wanaoenda kuvunja benki yenye dhahabu katikati ya vita ni Kelly's Heroes ya 1970, yupo Clint Eastwood. Zote tatu ni za kuchekesha na zote ni za dhahabu ndio maana mnachanganya, ila hii ya Lavender Hill ndio mkubwa wao kwa umri.

Lavender Hill ni nini?

Ni mtaa wa kweli, upo Battersea kusini mwa London, mpaka leo upo. Ndipo Holland amepanga chumba, kwenye nyumba ya wapangaji ya watu wa makamo, jioni kazi yake ni kumsomea bibi mmoja riwaya za majambazi wa Marekani kwa sauti. Neno "mob" kwenye jina la picha ni lugha ya magenge makubwa ya Marekani kina Chicago huko, halafu linabandikwa kwenye kamtaa ka wastaafu na vikombe vya chai. Ukiliweka kwetu ni kama mtu aseme "mafia wa kikoba cha Jumamosi".

Ni ndefu? Naweza kuangalia na watoto?

Haifiki saa moja na nusu, ni kama dakika 80 hivi. Watoto wanaweza, hamna damu, hamna anayekufa, hamna kitu cha kukufanya ukimbilie rimoti ukiwa na wakwe. Tatizo ni lugha tu, Kiingereza chao ni cha London ya miaka ile na wanaongea haraka, washa maandishi ya chini hata kama unajiamini.

Picha ya 1951 si itakuwa na ukungu na chenga?

Ndivyo nilivyodhani na mimi. Mara ya kwanza niliiona kwenye kopi mbovu, sauti kama mtu anaongea ndani ya pipa, na bado nilicheka. Kampuni ya filamu ya StudioCanal waliisafisha upya kwa ubora wa 4K na ikarudi kwenye majumba ya sinema Uingereza 2024. Tafuta hiyo. Aliyeipiga, Douglas Slocombe, ndiye baadaye alipiga zile Indiana Jones tatu za mwanzo, kwahiyo macho yako yako kwenye mikono salama.

## Watu waliomo

Stelingi ni nani? Mbona sura kama naijua?

Ni Alec Guinness. Kama umeangalia Star Wars ya kwanza ya 1977, yule mzee Obi-Wan Kenobi ndiye huyu. Oscar ya uigizaji aliipata kwa The Bridge on the River Kwai ya 1957, lakini kwa hii ya Lavender Hill pia alitajwa kuwania. Angalia macho yake tu: anaweza kusema "ndiyo mkuu" kwa bosi huku macho yanasema kitu kingine kabisa, na bosi haoni kitu.

Mwenzake mnene, Pendlebury, ni Stanley Holloway. Wale wezi wawili wa kukodi ni Sidney James na Alfie Bass. Huyo Sidney James ni mzaliwa wa Afrika Kusini, baadaye akawa maarufu sana kwenye zile komedi za Carry On.

Ni kweli Audrey Hepburn yumo?

Yumo, ila ukienda kujichotea soda umemkosa. Yupo mwanzoni kabisa kule Rio de Janeiro, dada mmoja anaitwa Chiquita anakuja mezani, Holland anampa pesa, anashukuru, anaondoka. Sekunde kadhaa tu, alikuwa bado hajulikani. Miaka miwili mbele akatoka na Roman Holiday, akachukua Oscar.

Kuna kitu wengi hawakioni hapa: 1964 kwenye My Fair Lady, anayecheza kama baba yake Audrey Hepburn ni huyuhuyu Stanley Holloway. Kumbe walishapita kwenye picha moja zamani na hakuna aliyeshtuka.

Na Robert Shaw, yule mvuvi mkorofi wa Jaws, naye yumo dakika za mwisho, ndiye mkemia wa polisi. Jina lake halijaandikwa hata kwenye orodha.

Nani kaitunga na nani kaiongoza?

Mwongozaji ni Charles Crichton. Mtunzi ni T.E.B. Clarke, na huyu ndiye aliyebeba Oscar ya hadithi na skripti. Clarke wakati wa vita alikuwa polisi wa akiba, ndio maana polisi wa humu wanachekesha kwa namna ya mtu anayewajua kwa ndani, siyo matusi ya mtu wa nje. Tena mwaka mmoja kabla alikuwa ameandika picha siriasi ya polisi, The Blue Lamp, yenye mbio za magari za kukaza misuli. Kwenye Lavender Hill anazichukua mbio zilezile anazigeuza kichekesho, anajitania mwenyewe.

Studio ni Ealing, magharibi mwa London, bosi wao Michael Balcon. Muziki kapiga Mfaransa, Georges Auric.

Inasemekana Benki Kuu ya Uingereza iliwasaidia kupanga wizi, ni chai?

Hadithi inasimuliwa hivi: Clarke alikuwa anaandika picha nyingine, Pool of London, wazo la karani wa dhahabu likamvamia katikati ya kazi. Akaenda zake Bank of England akauliza bila kuzunguka, hivi mtu akitaka kuwaibia dhahabu yenu afanyeje? Badala ya kumuitia askari wakamkalisha na watu wao wa idara husika, wakaanza kulijadili kama tatizo la kazini. Mpango unaouona kwenye skrini ndio ulitoka kwenye kikao hicho. Kama wamekoleza chumvi, basi wamekoleza vizuri, maana kweli ule mpango una harufu ya watu wa ofisini, umejaa ratiba na fomu.

## Jinsi mchongo ulivyochongwa (spoila zinaanza)

Kwanini Holland alisubiri miaka yote hiyo?

Kwasababu kuiba kwake hakukuwa tatizo. Tatizo ni soko. Uingereza ya wakati ule, chini ya sheria ya udhibiti wa fedha za kigeni ya 1947, mtu binafsi hauzi wala hanunui mikuo ya dhahabu hivihivi. Ukiingia nayo kwa sonara unatoka na pingu. Kwahiyo ni lazima ivuke bahari, na forodha hawalali.

Anakaa na hilo fumbo mpaka siku anahamia mpangaji mpya, Pendlebury, mwenye kakiwanda ka kusubu vinyago vya risasi vya kuuzia watalii. Mojawapo ni vimnara vya Eiffel, vile vya kuweka juu ya karatasi zisipeperuke, vinatengenezwa London halafu vinapelekwa Paris kuuziwa Waingereza waliokwenda kutalii, ambao wanavirudisha London. Holland anamuelekeza mwenzake mdogomdogo, bila kutamka neno wizi: una tanuri, una kalibu, una kibali cha kusafirisha nje... Mpaka Pendlebury mwenyewe anaelewa. Ile scene ndiyo ninayoirudia kuliko zote. Wazee wawili kwenye ngazi za nyumba ya kupanga wanapeana wazo la uhalifu kwa adabu, kama wanapeana mchango wa harusi.

Wezi waliwapata wapi?

Hili wazo nalipenda kupita kiasi. Hawajui jambazi hata mmoja, sasa wanafanyaje? Wanapanda treni ya chini ya ardhi na kuzunguka sehemu zenye watu wengi, wanaongea kwa sauti kubwa kwamba kasiki la kiwandani limeharibika na mishahara ya watu italala mule usiku huu. Halafu wanaenda kukaa gizani kiwandani wanasubiri waje kuibiwa. Wakaingia wawili, Lackery na Shorty, wakakutana na usaili wa kazi.

Mbona wizi wenyewe ulikuwa wa haraka hivyo?

Kwasababu Holland alipandishwa cheo. Anaitwa na bosi anapewa habari njema kwamba anahamishiwa idara nyingine, mshahara juu, na yeye roho inataka kutoka maana huko hakuna gari la dhahabu. Ikabidi mpango uvutwe mbele.

Siku yenyewe karibu kila kitu kinaharibika. Pendlebury, mtu wa sanaa, anatoka na picha ya kuchora ya muuzaji wa mtaani bila kujijua, polisi wanambeba kama mwizi wa picha wakati tani za dhahabu zinaelekea kiwandani kwake. Holland aliyefungwa kitambaa machoni ili aonekane ametekwa anaishia kutumbukia Thames, anaopolewa, kesho yake ni shujaa wa taifa. Polisi wanamtegemea yeye awasaidie uchunguzi.

Lackery na Shorty kwanini hawakwenda Paris kulinda mgao wao?

Mmoja mke wake kamkatalia, mwingine anataka kuangalia kriketi. Basi. Wanawaachia wale wazee dhahabu yote na kuwaamini. Kwenye picha nyingine za wizi hapa ndipo watu wangeanza kupigana risasi, humu wanaagana vizuri tu, na wanakuwa wamemaliza kazi salama zaidi kuliko mabosi.

Sijaelewa lile kosa la kwenye mnara. Sanduku liliuzwaje?

Ni kosa la matamshi. Vimnara vya dhahabu vilitumwa kwa muuzaji wa juu ya Mnara wa Eiffel kwenye masanduku yenye herufi R, maagizo yakatoka yasifunguliwe. Sasa Mwingereza wa London akitamka R inatoka kama "aa", na Mfaransa akisikia "aa" kwake hiyo ni A. Kwahiyo muuzaji kaiheshimu A, kafungua R. Wazee wanafika juu wanakuta vimnara sita vimeshanunuliwa na wasichana wa shule kutoka Uingereza, ambao ndio kwanza wanashuka na lifti.

Na wao wanashuka kwa ngazi, zile za kuzunguka, wanakimbia mpaka kizunguzungu kinawashika, kofia zinaruka, na katikati ya balaa wanaanza kucheka kama watoto. Hakuna anayesema kitu. Nadhani ndio dakika pekee maishani mwao walikuwa huru kabisa, na wanaitumia kukimbiza hasara.

Halafu ikaishaje?

Meli ya kurudi wanaikosa kwasababu ya ukaguzi. Wanawafuata wasichana mpaka shuleni, wanabadilishana nao vimnara na kuwapa pesa juu, wote wanakubali kasoro binti mmoja, yeye chake anampelekea rafiki yake polisi. Na huyo polisi yuko wapi siku hiyo? Kwenye maonyesho ya kazi za polisi Hendon, polisi kila kona, na mkemia yupo tayari kupima. Pendlebury anakinyakua kimnara, wanatoka nduki, wanaiba gari la polisi na kutumia redio yake kutoa taarifa za uongo mpaka magari ya doria yanavaana yenyewe.

Pendlebury anadakwa. Holland anapotelea kwenye umati, anafika Rio na vimnara sita, pauni 25,000, anakula maisha mwaka mmoja. Yote haya anamsimulia Mwingereza mmoja aliyekaa naye mezani. Wanaponyanyuka kuondoka ndio tunaona pingu: moja mkono wa Holland, nyingine mkono wa yule mgeni.

Kwanini wamkamate? Walituharibia!

Malalamiko namba moja haya. Enzi zile mhalifu hakuruhusiwa kushinda, hasa kama unataka picha iuzwe Marekani, walikuwa na kanuni zao za maadili ya sinema na uhalifu ulikuwa lazima ulipwe. Lakini angalia Clarke alivyowazunguka: mwaka mzima wa raha jamaa kashakula, amegawa pesa mpaka ya mwisho, na pingu zinakuja wakati hakuna kilichobaki cha kunyang'anywa. Kalipa, sawa. Ila bili kaletewa akiwa ameshiba. Mimi sioni kama wameharibu.

## Maswali ya wabishi

Inawezekana kweli kusubu vimnara vya dhahabu mtu asigundue?

Haya tupige hesabu. Bei rasmi ya dhahabu wakati ule ilikuwa dola 35 kwa wakia (kama gramu 31), na pauni moja ilikuwa dola 2.80, kwahiyo wakia moja ni kama pauni 12 na nusu. Pauni milioni 1 inakuja wakia 80,000, karibu tani 2 na nusu. Inaonekana nyingi ila dhahabu ni nzito sana, ukiiyeyusha yote haijazi hata pipa moja la mafuta la lita 200. Kwahiyo gari moja dogo kuibeba, kwa nafasi inaingia, springi zake ndio zitalia.

Tatizo ni uzito wa kimnara kimoja. Sita kwa pauni 25,000 ni wakia 2,000, kama kilo 62, yaani kila kimnara kilo 10 na ushee kwa ukubwa wa chupa ya maji ya nusu lita. Cha risasi ukubwa huohuo kingekuwa kilo 6. Sasa wale wasichana wanavyokimbia navyo wanavirusharusha, hao siyo wanafunzi, hao ni wabeba zege. Tena tanuri: risasi inayeyuka kwenye nyuzi 327, dhahabu inataka 1,064, kiwanda cha kusubu risasi hakifiki huko bila kubadilisha mitambo. Haya, nimeshawaharibia. Ukiangalia utasahau yote haya dakika ya tano.

Kuna wizi wa kweli uliofanana na huu?

Novemba 1983, ghala la Brink's-Mat karibu na uwanja wa ndege wa Heathrow, London hiyohiyo. Karibu tani 3 za dhahabu, thamani ya pauni milioni 26. Waliingia kwa msaada wa mlinzi wa ndani, na baada ya hapo wakakwama palepale alipokwama Holland: unaiuzaje? Wakaiyeyusha na kuichanganya na shaba ili isijulikane. Tofauti ni kwamba kule hakuna kilichochekesha, watu waliuawa miaka iliyofuata.

Na Rio je? Ronnie Biggs, wa ule wizi wa treni wa 1963, alikimbilia Rio 1970, polisi wa London wakamfuata 1974 na wakarudi mikono mitupu. Alirudi kwao mwenyewe 2001. Kwahiyo Holland kadakwa kwenye picha, wa kweli kaponea.

Eti Vatican nao wanaikubali?

Ndiyo. 1995, sinema ikitimiza miaka 100, Vatican walitoa orodha ya picha 45 muhimu na hii imo, upande wa sanaa. Picha ya wizi! Kwa upande wa nyumbani ilipewa tuzo ya BAFTA ya picha bora ya Uingereza, na 1999 BFI, taasisi ya filamu ya huko, wakaiweka namba 17 kwenye picha 100 bora za nchi yao. Mbishi atakayesema ni picha ya wazee tu namwelekeza kwanza kwenye swali la ngazi za Eiffel hapo juu.

Zile ngazi za Eiffel bado zipo? Nikienda Paris naweza kukimbia?

Ngazi za kuzunguka za asili zilizokuwa zinapanda kutoka ghorofa ya pili mpaka juu ziliondolewa 1983, zikakatwa vipande, 20 vikapigwa mnada. Kwahiyo kuna matajiri huko wana kipande cha ngazi bustanini. Ukienda leo, kutoka ghorofa ya pili mpaka juu utapanda lifti kama wale wasichana.

Nikiipenda hii niangalie ipi baada yake?

Palepale Ealing: Kind Hearts and Coronets ya 1949, Guinness anacheza watu wanane wa ukoo mmoja. The Ladykillers ya 1955, majambazi wamepanga kwa bibi kizee, humo watu wanakufa kwahiyo usiseme sikukwambia. Kwa Crichton mwenyewe, ruka mpaka 1988, A Fish Called Wanda, wizi tena, na akatajwa kuwania Oscar akiwa mzee kabisa.

Na kwa walio huku kwetu, studio hiyohiyo mwaka huohuo wa 1951 ilitoa Where No Vultures Fly, ile walikuja kuipigia Kenya, mambo ya kuanzisha hifadhi ya wanyama na majangili wa pembe. Ilipata muendelezo 1954, West of Zanzibar. Siyo komedi, na jinsi wanavyotuonyesha sisi ni ya kikoloni kwelikweli, utakunja uso sehemu nyingi. Mimi niliiangalia kwa ajili ya mandhari, tena nikiwa nimezima sauti nusu yake.